Upanga, Ulimi na Mzigo wa Kuni

Msiba ukitokea Sanje, usishangae kusikia kicheko katikati ya kilio. Mtani wa marehemu amefika. Mara nyingi ni mama mtu mzima. Ataingia ndani, atachukua koti la marehemu alivae, atajifunga mkanda wake kiunoni na kutoka uani akitembea kama alivyokuwa akitembea mzee huyo. Atamwita mjane kwa sauti nzito na kudai ugali wake uko wapi. Atadai madeni na kukagua chungu cha wapishi, kisha atakemea watoto kwa maneno yaleyale ambayo kijiji kizima kiliyazoea. Waliokuwa wanalia watacheka huku machozi yakiendelea kutiririka. Hakuna wa kumkasirikia, maana mtani hakasirikiwi.

Sanje iko chini ya milima ya Udzungwa, kandokando ya barabara itokayo Mikumi kuelekea Ifakara. Juu yake yanaanguka maporomoko ya maji yenye urefu wa zaidi ya mita 170, na chini yake yametandaa mashamba ya miwa na mpunga. Bonde la Kilombero limekusanya watu wa asili nyingi: Wandamba wa mtoni, Wapogoro wa Mahenge, Wambunga wa Ifakara, Wahehe walioshuka kutoka milimani, Wabena, Wangoni na wengine wengi walioletwa na kazi. Baadhi yao walikuwa maadui wa mkuki kwa mkuki. Leo wanakutana msibani na kutaniana.

Mama yule aliyevaa koti la mwanamume ana ukoo mrefu. Nyuma yake wako washairi wa pwani, wake wa mashujaa, waimbaji wa taarabu na wanawake wa siasa. Hii ni historia ya jinsi sifa za vita zilivyopata mwenzi, yaani kejeli, na ya jinsi kejeli hiyo ilivyokaa kinywani mwa mwanamke.

Kabla ya 1800: Mashujaa na mkate wa wishwa

Utenzi ulizaliwa ukiwa na upanga mkononi. Mwaka 1728, katika kisiwa cha Pate, Mwengo bin Athumani alitunga Utenzi wa Tambuka, unaosimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Ni utenzi wa beti zaidi ya elfu moja. Umbo lake ndilo lililotawala tendi zilizofuata: mishororo minne mifupi ya mizani nane, mitatu ya kwanza yenye kina kimoja, na wa nne wenye kina kinachorudi ubeti baada ya ubeti hadi mwisho. Umbo hilo lina mwendo wa farasi. Linafaa kusimulia majeshi yanayokutana, mikuki inayovunjika na mashujaa wanaotajwa kwa majina ya baba na babu zao.

Katika tendi hizo mwanamke alikuwa na nafasi finyu. Alikuwa mama anayeaga, mjane anayelia au binti anayengojea. Hata hivyo, kisa kinachopendwa kuliko vyote pwani, kile cha Fumo Liyongo, kilihifadhi jambo lingine. Liyongo alikuwa jitu la vita, mrushaji mishale na malenga. Mfalme alimwogopa akamtia gerezani. Aliyemtoa humo hakuwa shujaa mwenzake. Alikuwa Mwana Mbwasho, mama yake, pamoja na kijakazi aliyeitwa Saada. Kila siku Saada alipeleka chakula, na walinzi walikuwa wakikinyang'anya kilicho kitamu. Mama akaoka mkate wa wishwa, mkate duni usiotamaniwa na mtu, akaficha tupa ndani yake. Walinzi waliudharau, wakamwachia mfungwa. Kisha ngoma ya gungu ikapigwa nje, na kelele zake zikafunika mlio wa tupa iliyokuwa inakata pingu.

Kisa hiki kilipoandikwa kama utenzi na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, tayari kilikuwa kimepita vinywani mwa vizazi. Ndani yake mna fundisho la zamani sana: nguvu za shujaa zilishindwa na mlango wa gereza, na jiko likaufungua. Walinzi walishindwa kwa sababu hawakuamini kwamba kitu cha maana kinaweza kutoka kwa mjakazi mwenye mkate wa makapi. Wanaotunga kejeli walijifunza hapo. Dharau ya mwenye nguvu ndiyo kichaka cha mnyonge kujifichia.

Miaka ya 1810 hadi 1840: Muyaka sokoni, Byron Ulaya

Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Wamazrui wa Mombasa, wakishirikiana na watu wa Pate, walipeleka jeshi kuipiga Lamu. Walishuka Shela, wakashindwa vibaya kwenye mchanga wa pwani. Ushindi huo wa Lamu ulibadilisha siasa za pwani nzima, kwa kuwa Lamu ilimkaribisha Sayyid Said wa Omani, naye taratibu akautandaza utawala wake hadi Mombasa. Ulibadilisha pia ushairi. Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na malenga wa Lamu, alijibizana kwa mashairi na Muyaka bin Haji wa Mombasa. Kila upande ulitaka ushindi wa maneno baada ya ule wa silaha, au badala yake.

Muyaka, aliyezaliwa karibu na 1776 na kufariki karibu na 1840, ndiye aliyeushusha ushairi kutoka msikitini ukafika sokoni. Alitumia shairi la mishororo minne yenye vina vya kati na vya mwisho. Alisifu watawala wake, aliwachoma maadui zao, kisha akageukia mambo ambayo utenzi haukuyagusa: mapenzi, ndoa, njaa, urafiki unaovunjika, mtu aliyefilisika. Baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa aliyakusanya mashairi hayo kutoka kwa walioyakumbuka, akisaidiana na mmisionari W. E. Taylor. Diwani ya Muyaka ikachapwa mwaka 1940.

Karibu na wakati huo, Ulaya ilikuwa ikipitia mageuzi kama hayo. Waingereza walikuwa na aina ya utungo inayochukua mavazi ya utenzi wa vita na kuyavisha jambo dogo, ili wasomaji walitazame upya jambo lenyewe na mavazi yenyewe. Mwaka 1797 Anna Laetitia Barbauld alitoa shairi kuhusu siku ya kufua nguo. Alimwita mungu wa ushairi ashuke jikoni, kwenye maji ya moto na kamba za kuanikia, siku ambayo wanaume wa nyumba wanazunguka bila mahali pa kukaa na wanawake hawana nafasi hata ya kukohoa. Lilikuwa shairi la mzaha lenye swali zito. Kazi inayorudiwa kila wiki na wanawake maelfu, mbona haina malenga wake?

Kati ya 1819 na 1824 Lord Byron alitoa Don Juan, utungo mrefu ulioachwa bila kumalizika alipofariki. Kwa muda mrefu Don Juan alijulikana Ulaya kama mwindaji wa wanawake. Byron alimgeuza kijana anayewindwa. Meli inamzamia, anauzwa mtumwa, anavishwa nguo za kike na kuingizwa ndani ya nyumba ya wake wa Sultani huko Istanbul. Wakuu wa vita wanatajwa humo kwa jina, na damu waliyomwaga inahesabiwa. Muyaka na Byron hawakujuana. Lakini wote wawili waliishi wakati wa vita vikubwa na watawala wapya, na wote wawili waligundua kwamba sifa za mashujaa zilikuwa zimezidi uzito wa mashujaa wenyewe.

1858: Mke wa mpiganaji achukua kalamu

Huko Siyu, kisiwani Pate, Bwana Mataka alikuwa amempinga Sayyid Said kwa miaka mingi. Majeshi ya Sayyid kutoka Zanzibar yalikuja na kurudi, na jina la Mataka likawa jina la ushujaa. Mmoja wa wake zake alikuwa Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate. Mwaka 1858, mume akiwa amekwisha kufariki na yeye mwenyewe akiugua, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa beti 102.

Tutazame alichokifanya. Alikuwa ameishi nyumbani mwa mpiganaji, na umbo la utenzi lilikuwa umbo la vita. Angeweza kumtungia mumewe sifa za Siyu. Badala yake aliichukua mizani ileile ya Tambuka, akaiingiza chumbani na jikoni. Alieleza kumkanda mume na kumpepea, kumtunzia mavazi, kumlisha, kumwacha alale bila kumwamsha na kumwandaa kama mtoto anayelelewa. Shujaa wa utenzi akawa mke, na uwanja wake wa vita ukawa nyumba.

Kwa zaidi ya karne utenzi huo umesomwa kama kitabu cha adabu za mke. Wasichana waliukariri, na Alice Werner na William Hichens walipouchapa mwaka 1934 waliuita ushauri juu ya wajibu wa mke. Lakini katika miaka ya 1990 mtafiti Ann Biersteker aliusoma upya. Aliuliza kama mama aliyezungukwa na siasa za Pate na Siyu angeweza kusema kila neno bila fumbo. Mume anayehudumiwa kama mtoto mchanga ni bwana kweli, au ni mtoto? Mjadala huo hauna haja ya kufungwa. Kilicho wazi ni kwamba mwanamke alilishika umbo la mashujaa akaliweka mkononi mwa binti yake. Tangu hapo likawa lao pia. Shaaban Robert mwenyewe, alipomtungia binti yake utenzi wa mausia, alifuata njia ambayo Mwana Kupona aliifyeka.

1878 hadi 1907: Vita vya bonde na kuzaliwa kwa utani

Huku bara, mashujaa hawakuwa wa vitabuni. Katika miaka ya 1860 Wambunga, tawi la wavamizi wa asili ya Kingoni, walikuwa wamekwisha kuingia bonde la Kilombero na kukaa maeneo ya Ifakara. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali ambavyo hakuna aliyevishinda kikamilifu. Wakachoka, wakapatana. Kisha walifanya jambo ambalo nchi nyingi zilizopigana hazikuliweza: waligeuza uadui kuwa utani. Mhehe na Mngoni wakapewa haki ya kutukanana bila kugombana, kuchukuliana vitu vidogo, kuzikana na kuchekana makaburini. Utani huo ulienea kati ya makabila mengi ya Tanganyika, na mwaka 1941 R. E. Moreau aliueleza katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Utani ni utenzi wa mzaha uliotungwa na jamii nzima. Kila ukumbusho wa vita umo ndani yake: nani alikimbia, nani aliteka ng'ombe, nani alichukuliwa mateka. Ila mshale umetolewa ncha. Na kwa kuwa utani ni kazi ya msibani, uliwapa wanawake uwanja. Wanawake ndio wanaolala matangani, wanaopika, wanaokesha na kuimba. Mama wa Kihehe akimvamia mzee wa Kingoni jikoni na kumwambia aache maringo maana babu yake alikuja bondeni akikimbia, kila mtu anajua kwamba anazungumza juu ya vita, na kila mtu anajua kwamba vita vimekwisha.

Vita vingine vilikuja vikiwa havina mzaha. Mwaka 1905, baada ya Kinjikitile Ngwale kuanza kugawa maji ya dawa huko Ngarambe, mapigano dhidi ya Wajerumani, yaliyoitwa Maji Maji, yalilipuka kusini yote. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Wapogoro walilipokea lile maji, na tarehe 30 Agosti waliivamia boma ya Wajerumani huko Mahenge kwa wingi wao. Bunduki za rashasha ziliwaangusha mbele ya kuta. Wambunga wa bonde nao walijiunga. Huko Ungoni, Nkomanile, mwanamke aliyekuwa mtawala, aliyapokea maji na kuwaleta watu wake vitani. Alinyongwa mwaka 1906 pamoja na viongozi wa Songea. Jina lake halikukaa katika nyimbo za shuleni kama majina ya wanaume aliokufa nao.

Kisha ikaja njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ili kuvunja upinzani, na watu wengi zaidi walikufa kwa njaa kuliko kwa risasi. Mwalimu Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji, na mwaka 1957 W. H. Whiteley aliutoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ni utenzi wa hofu, uliotungwa na mtu aliyekuwa karibu na moto. Lakini bondeni, waliobaki walikuwa na kazi nyingine: kupanda tena. Mbegu iliyofichwa na mwanamke ndani ya chungu ilitunza uhai wa familia nyingi. Hakuna utenzi wa mbegu hiyo.

1914 hadi 1950: Beni, lelemama, kanga na Siti

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopita, jeshi lilikuwa limeacha alama yake hata katika ngoma. Beni ilikuwa imetokea pwani kabla ya vita hivyo: matarumbeta, gwaride, sare za kubuni, na vyeo vya mfalme, jenerali na Kaiser kwa vijana ambao kutwa walikuwa wapagazi na maboi. Vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi, karamu na nyimbo za kuchokozana. Askari, wafungwa na wasafiri waliisambaza beni hadi bara. Terence Ranger, aliyeandika historia yake mwaka 1975, alionyesha jinsi ngoma hiyo ilivyobeba heshima na dhihaka kwa pamoja. Mtu aliyekuwa hana cheo alijipa cheo, na kwa kufanya hivyo aliwauliza wenye vyeo walikipata wapi.

Wanawake walikuwa na lelemama. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, vyama vyao vilijipangia viongozi wa kike wenye vyeo vikubwa, vikashindana kwa nguo, ng'ombe wa karamu na nyimbo zilizomlenga mpinzani bila kumtaja. Chama kilichokosa jibu kiliaibika mji mzima. Hapo ndipo mwanamke aliyetakiwa kukaa ndani alipotoka hadharani akiwa na jeshi lake. Mwanzoni mwa karne ya ishirini kanga nayo ilianza kuandikwa maneno. Ubeti mmoja ukachapwa kwenye kitambaa, ukavaliwa kiunoni na kupita mbele ya mlango wa mke mwenza au jirani mgomvi. Hakuna aliyetukana mtu, lakini anayehusika alielewa.

Kutoka Fumba, kijiji cha kusini mwa Unguja, alikuja mfinyanzi wa vyungu aliyekuwa amezaliwa karibu na 1880 katika familia yenye asili ya utumwa. Alihamia mjini, akajifunza kuimba, akaitwa Siti binti Saad. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, akawa mmoja wa sauti za kwanza za Afrika Mashariki kusikika kwenye gramafoni. Kabla yake taarabu ilikuwa muziki wa jumba la Sultani. Yeye aliiimba kwa Kiswahili cha Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini humo, na kuijaza habari za Ng'ambo. Wimbo wake kuhusu Kijiti ulisimulia kesi ya mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kisha akatoroka, na wanawake waliokuwa mashahidi wakaishia kifungoni. Siti hakuhitaji kumtukana hakimu. Alisimulia, na mji ukahukumu. Alifariki 1950, na mwaka 1958 Shaaban Robert alimwandikia wasifu, heshima ambayo hadi wakati huo ilikuwa ya wafalme na mashehe.

1954 hadi 1975: Uhuru, miwa na reli

Wakati TANU, chama cha kudai uhuru, ilipoanza kutafuta wanachama, iliwakuta wanawake wa Dar es Salaam wakiwa tayari wamejipanga katika ngoma zao. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa 1926, alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma. Alipopewa jukumu la kuongoza wanawake wa chama, alikwenda kwa viongozi wa ngoma kwanza. Mtandao wa mialiko, mashindano na nyimbo ndio uliopeleka habari za uhuru mitaani kwa kasi. Sauti iliyokuwa ikikikejeli chama pinzani cha lelemama iliweza sasa kumkejeli gavana.

Bondeni Kilombero mambo yalibadilika haraka baada ya uhuru. Kiwanda cha sukari kilianza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vibarua walikuja kukata miwa kutoka kila mkoa. Kuanzia 1970 Wachina na Watanzania walichimba mahandaki na kujenga madaraja ya reli ya TAZARA, na treni zikaanza kupita bondeni katikati ya muongo huo. Bwawa la umeme la Kidatu likajengwa. Zote hizo zilikuwa habari za kishujaa, na ziliimbwa hivyo: taifa linajenga, vijana wanajitolea. Katika vijiji vya reli na miwa, kama Sanje, watani walijikuta majirani. Mngoni aliyekuja kukata miwa alimkuta Mhehe aliyeshuka mlimani, na msiba wa kwanza ukawafanya wawe ndugu.

Huko Lamu mwaka 1974 na 1975, siasa za uchaguzi ziliibua mashairi ya kimwondo, na wanawake, akiwemo malenga Zena Mahmoud, walitunga mashairi makali ya kuunga mkono na kupinga wagombea. Mji uliowahi kushinda vita vya Shela kwa mikuki ukashinda na kushindwa uchaguzi kwa beti za wanawake. Kejeli ilikuwa imekwisha kuwa chombo cha kura.

Tangu 1992: Mipasho, mlima na kuni

Mwaka 1992 Tanzania ilirudisha vyama vingi. Mwaka huohuo chama tawala, CCM, kilianzisha kikundi cha Tanzania One Theatre (TOT), kikiongozwa na John Komba. Khadija Kopa, aliyetoka Culture Musical Club ya Zanzibar, akawa sauti yake. Upande wa pili ulikuwa Muungano Cultural Troupe chini ya Norbert Chenga, wakiwa na Nasma Khamis. Mashindano yao yaliitwa vita, na maneno yao yaliitwa mipasho. Wimbo mmoja ulidai jibu, jibu likadai jibu jingine. Wapenzi wa kila upande walijaa ukumbini, wakitoka na noti kwenda kutunza kwa madaha, huku wakimgeukia mpinzani wao kwa macho. Kanda za kaseti, na baadaye redio binafsi, zilivipeleka vita hivyo hadi vibanda vya Kidatu, Mang'ula na Ifakara.

Wazee wengi walilalamika kwamba mipasho imeharibu taarabu. Mimi naiona kama kilele cha njia ndefu. Mashairi ya Shela yalikuwa ya wanaume wawili wa miji miwili. Vita vya TOT na Muungano vilikuwa vya wanawake wawili mbele ya nchi nzima, na kila mwanamke aliyekwenda kutunza alikuwa na vita vyake mwenyewe nyumbani: mume asiyerudi, wifi msengenyaji, mke mwenza. Alinunua ubeti mmoja kwa noti moja, akaupeleka unakotakiwa. Palipokosekana mahakama ya kusikiliza shauri lake, palikuwa na jukwaa.

Mwaka huohuo wa 1992, milima iliyo juu ya Sanje ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Sababu yake ni njema na kubwa. Humo mna viumbe wasiopatikana popote pengine duniani, akiwemo kima anayeitwa kwa jina la Sanje, aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 1979 karibu na maporomoko hayo. Kwa muda wanawake wa vijiji vya pembeni waliruhusiwa kuingia siku maalumu na kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Tangu hapo kuni hutafutwa kwenye mashamba, kwenye miti ya kupanda, au hununuliwa. Kuna habari nyingi za wanasayansi, wa kima, wa ndege na wa maji ya Kilombero. Habari za mzigo wa kuni zimebaki vichwani mwa wanaoubeba.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Barbauld na siku yake ya kufua, pamoja na Mwana Kupona aliyeingiza mizani ya vita jikoni. Katika karne tatu tumetunga tendi za Herekali, za Wadachi, yaani Wajerumani, za Maji Maji na za vita vya Kagera. Tumejifunza kuwacheka wenye mapanga kwa utani, lelemama, kanga na mipasho. Katika miaka yote hiyo, kazi iliyomlisha kila shujaa haijapata utenzi wake.

Sanje ina nyenzo zote za utenzi huo. Ina mlima, mto, nyati, tembo wanaoshuka kwenye mpunga, treni inayopiga honi usiku, na safu ya wanawake wanaotembea alfajiri wakiwa na kamba na panga begani. Panga hilo ni la kukatia kuni. Ikiwa malenga wetu ataliimba kwa mizani ya Tambuka, msomaji ataanza kwa kucheka, kama wanavyocheka waombolezaji mtani anapolivaa koti la marehemu. Kisha kicheko kitatulia, naye atauona mzigo wenyewe, ulivyo mzito, na umbali wa kule ulikotoka.

Mama yule wa msibani analivua koti jioni. Analikunja, analirudisha kwa mjane, kisha anakwenda jikoni kuchochea moto wa ugali wa waombolezaji. Moto huo unawaka kwa kuni alizokuja nazo mwenyewe asubuhi kichwani, kwa kuwa ndivyo mtani anavyokuja msibani: na mzaha mdomoni, na mzigo kichwani.